Waliacha Tumbaku Siku Hamsini, Kisha Wakarudi



Ndugu yangu, usiku wa Idi uliopita kuna kijana aliniandikia faraghani. Sitamtaja yeye wala mji wake. Ramadhani nzima hakugusa sigara, si mchana wala usiku. Siku 30. Mwezi ulipoandama wakakaa barazani na wenzake, kahawa ikaletwa, mmoja akamnyooshea pakiti. Akachukua. Alipomaliza ya pili akaingia chooni, akafunga mlango, akalia. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: Sheikh, hivi imani yangu ni ya uongo?

Sikumjibu usiku ule. Nilitaka nimjibu kwa kisa, na kisa chenyewe ni kirefu. Nimekileta huku ili na wewe unayeficha pakiti chini ya kiti cha gari upate fungu lako. Soma mpaka mwisho, usikimbilie kwenye maoni.

Kisa ni cha nchi ya Iran, wakati huo ikijulikana zaidi kwa jina la Uajemi. Mtawala alikuwa Naser al-Din Shah, mpenda safari na mpenda anasa, na hazina yake ilikuwa tupu. Machi 1890 akampa Mwingereza mmoja, Meja Gerald Talbot, ukiritimba wa tumbaku yote ya nchi: kulimwa kwake, kuuzwa ndani na kusafirishwa nje, kwa muda wa miaka 50. Malipo yake yalikuwa pauni 15,000 kwa mwaka, na robo ya faida baada ya gharama. Maana yake, mkulima wa Shiraz hataiuza tumbaku yake ila kwa kampuni ya Talbot, na mwenye duka wa Tehran hatainunua ila kwao. Tumbaku ya nchi yake, jasho la ndugu yake, lakini lazima ipite mkononi mwa mgeni.

Sasa elewa tumbaku ilikuwa nini kwa watu wale. Ilivutwa na mume na mke, tajiri na hamali, na hata baadhi ya wenye vilemba. Walivuta kwa kile wanachokiita ghalyan. Wazee wetu wa pwani walikiita buruma, na nyinyi vijana mnakiita shisha. Mgeni akiingia nyumbani, kabla ya kuulizwa habari ya safari, ghalyan imeshawekwa mbele yake. Basi mtu anayedhani wale waliacha kwa sababu hawakuwa wamezama, huyo hajui habari.

Mawakala wa kampuni walipoanza kuingia mijini mwaka 1891, fujo zilianzia Shiraz. Mwanachuoni wa pale, Sayyid Ali Akbar Fal Asiri, alipinga juu ya mimbari, akakamatwa na kufukuzwa nchini. Akavuka hadi Basra, na huko akakutana na Jamal al-Din al-Afghani, yule mwanamageuzi mashuhuri, ambaye naye alikuwa amefukuzwa na Shah huyo huyo. Afghani akaandika barua ndefu na kali kwenda kwa mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa Mashia wa zama zile, Mirza Hasan Shirazi, aliyekuwa akiishi Samarra, Iraq.

(Neno Shirazi si geni kwetu. Tunao Washirazi Pemba, Unguja na mwambao wote. Ila huyu alikuwa mtu wa Shiraz yenyewe. Na najua wapo watakaoniandikia, "Sheikh, unatusimulia habari za Mashia?" Naam, nawasimulia. Sikuelezi akida hapa, nakueleza historia. Wakitangulia wengine katika jambo lenye funzo, sioni haya kulichukua.)

Shirazi alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, mtu mtulivu asiyependa siasa. Alianza kwa adabu, akampelekea Shah telegramu ya nasaha. Haikusaidia. Mwanzoni mwa Desemba 1891 ikaenea Iran fatwa kwa jina lake, mistari michache tu. Maana yake ni kwamba kuanzia siku hiyo, kutumia tumbaku kwa namna yoyote ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yaani yule Mahdi wanayemngoja.

Wapo waliodai fatwa ile ni ya kughushi, kwamba wafanyabiashara wameitunga. Watu wakamuuliza Shirazi mwenyewe, akathibitisha.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo mabalozi wa Ulaya waliokuwa Tehran hawakuwahi kuliona. Nchi nzima ikaacha kuvuta. Maduka ya tumbaku yakafungwa, mabomba ya ghalyan yakawekwa kando au kuvunjwa. Habari ikaingia mpaka ndani ya jumba la Shah. Wake zake wakaacha, na watumishi wakakataa kumtayarishia ghalyan. Inasimuliwa kwamba alimkuta mke wake kipenzi, Anis al-Dawla, akisimamia ghalyan zikifunguliwa na kuwekwa mbali. Akamuuliza nani kaiharamisha. Mke akamjibu kuwa ni yule yule aliyenihalalisha mimi kwako.

Shah akajaribu vitisho. Akamwamuru Mirza Hasan Ashtiani, mkubwa wa wanachuoni wa Tehran, achague moja: apande mimbari avute ghalyan mbele ya watu, au ahame mji. Ashtiani akaanza kufunga mizigo. Siku hiyo, Januari 4, 1892, watu wakafurika mitaani, wanawake wakiwa miongoni mwao, wakaizunguka ngome ya mfalme. Askari wakapiga risasi, watu kadhaa wakauawa. Lakini Shah alishashindwa. Ukiritimba ukafutwa wote. Kampuni ikadai fidia, ikalipwa pauni 500,000, na kwa kuwa hazina ilikuwa tupu, Iran ikakopa fedha hizo. Huo ukawa mkopo wake wa kwanza kutoka nje. Ushindi ule ulikuwa na gharama yake, na wajukuu walishiriki kuulipa.

Tumefika mahali nilipotaka kukufikisha.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki huishia kwenye ushindi. Utakisikia katika mihadhara: tazameni nguvu ya umma, tazameni nguvu ya fatwa. Ni kweli. Lakini mimi nakuomba utazame wiki zilizofuata. Mwishoni mwa Januari 1892 ikathibitishwa kutoka Samarra kwamba marufuku imeondoka, wapiga mbiu wakatangaza mitaani. Na watu wakafanya nini? Wakavuta. Ghalyan zilizokuwa kabatini zikafutwa vumbi. Kwa furaha kabisa, kama watu wanaofuturu.

Hesabu siku. Kutoka mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Januari ni siku 50 na kitu. Sasa mwulize daktari yeyote habari ya nikotini, ile dawa iliyomo ndani ya tumbaku inayomfunga mtu. Atakwambia kwamba ukiacha, taabu huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo: hasira, kichwa kuuma, usingizi kuruka, fikra kukataa kutulia. Kisha inapungua kidogo kidogo, na kwa watu wengi baada ya wiki mbili mpaka nne mwili umeshazoea kukaa bila nikotini. Kwa hiyo ndugu zetu wa Iran siku ile mbiu inapigwa, miili yao mingi ilikuwa huru! Walikuwa wameshavuka mto, wamekauka nguo, wako ng'ambo. Na kwa miguu yao wenyewe wakarudi majini.

Kwa nini? Kwa sababu nia yao ilikuwa na mwisho. Hawakuacha tumbaku kwa kuwa ni tumbaku. Waliacha kwa kuwa ni ya Talbot. Talbot alipoondoka, sababu iliondoka naye. Siwalaumu. Walichokusudia walikipata, na Mwenyezi Mungu humlipa kila mtu kwa alichonuia. Nakuonyesha tu jinsi nia inavyofanya kazi: itakubeba mpaka pale ulipoiambia ikufikishe, kisha itakushusha. Ukiiambia "mpaka Idi", itakushusha Idi.

Kijana wangu, umeona jibu lako lilipo? Imani yako haikuwa ya uongo. Imani ya uongo haimzuii mvutaji siku 30 usiku na mchana. Tatizo ni kwamba ulinuia Ramadhani, na Ramadhani ikaisha.

Nami nayasema haya si kwa kusoma vitabuni peke yake. Nilivuta miaka 11. Najua kuna wanaonifuata hapa watashtuka, lakini wazee wa mtaa wangu wanajua. Nilikuwa nafunga saumu yangu vizuri, nikisoma Qur'ani mchana, na adhana ya magharibi ikiadhiniwa mkono wa kulia una tende na wa kushoto unatafuta kiberiti. Nikivuta usiku kucha mpaka daku. Miaka ile nilidhani Ramadhani inanifundisha kuacha. Haikunifundisha kitu, kwa sababu kila usiku niliirudisha nikotini mwilini, na kila asubuhi nilianza upya taabu ya siku ya kwanza. Yaani nilikuwa naonja sehemu chungu ya kuacha mara 30 kwa mwezi, bila kufika mahali inapoanza kulegea. Kama wewe ni wa aina hii, jua kwamba unalipa bei yote na bidhaa hupewi. Kuacha mchana na usiku ni rahisi zaidi kuliko kuacha mchana peke yake. Najua maneno haya hayaingii akilini haraka. Yarudie.

Sasa kuna wanaosema, dawa ni ukali. Hao nawarudisha nyuma zaidi, Istanbul, karne ya 17. Tumbaku ilikuwa mpya, imeingia katika nchi za Kiislamu miongo michache tu kabla, ikitokea Marekani kwa njia ya wafanyabiashara wa Ulaya. Mwaka 1633 moto mkubwa ukaunguza sehemu kubwa ya Istanbul. Sultani Murad IV, kijana wa miaka 21, akafunga mikahawa ya kahawa na kupiga marufuku tumbaku, na adhabu ikawa kifo. Haikuwa kutishia tu, watu waliuawa kweli. Katip Çelebi, mwanachuoni aliyekuwa karani wa jeshi la Uthmaniya, ameandika kwamba katika safari ya vita vya Baghdad walikamatwa wakubwa wa jeshi 15 au 20 kwa kosa la kuvuta, wakauawa kwa mateso mbele ya Sultani. Na askari waliosimama kushuhudia, wengine walikuwa na viko vifupi ndani ya mikono ya nguo zao, wakapata upenyo wa kuvuta pale pale wakati wenzao wanauawa.

Murad alifariki mwaka 1640, hajafika miaka 30. Yeye mwenyewe wanahistoria wanamtaja kuwa mnywaji wa pombe. Miaka michache baadaye Bahai Efendi, aliyekuwa Sheikhul-Islam na mvutaji mkubwa, akatoa fatwa kwamba tumbaku inaruhusiwa. Ukali wote ule ukayeyuka.

Mzazi unayempiga kijana wako kwa sababu ya sigara, mke unayeitupa pakiti ya mumeo na kumtukana mbele ya watoto, nakuelewa uchungu wako. Lakini kipande hicho cha Katip Çelebi kisome tena. Unamfundisha kuficha kiko mkononi mwa kanzu, hicho tu. Hata sisi tumeona: Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya mwaka 2017. Ni hatua nzuri na naiunga mkono, maana inamkinga mtoto ambaye hajaanza. Ila yule aliyekwisha fungwa, sheria haiingii kifuani mwake.

Kuhusu hukumu yenyewe nitasema kwa ufupi, maana nimeshaandika siku za nyuma. Tumbaku haikuwepo zama za Mtume (s.a.w.), kwa hiyo hutaikuta imetajwa kwa jina. Wanachuoni wa mwanzo walitofautiana. Pale Misri tu, wanachuoni wawili wa Kimaliki wa zama moja, Ibrahim al-Laqqani aliandika kuikataza na Ali al-Ujhuri akaandika kuihalalisha. Kule Damascus, Abd al-Ghani al-Nabulsi naye akaitetea. Usinitumie fatwa ya Nabulsi kama ushahidi wa leo. Wale walikuwa wakibishana juu ya harufu, ubadhirifu, na kama inalevya au hailevyi. Habari ya saratani ya mapafu hawakuwa nayo. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu wanaokufa kwa tumbaku kuwa zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na wamo ndani yake ambao hawakuvuta hata siku moja, walikaa tu karibu na mvutaji. Rudi kwenye Suratul Baqara, aya ya 195, na ile kaida ya kutodhuru na kutodhuriana, kisha ujiulize mwenyewe. Wanachuoni wengi wa zama zetu wameharamisha, nami niko pamoja nao.

Lakini nimeona jambo moja kwa miaka mingi ya darasa. Watu wanaojua kuwa ni haramu ni wengi sana, na wanavuta. Elimu ya hukumu ni mwanzo, haitoshi kukuvusha siku ya tatu. Siku ya tatu inataka vitu vidogo vidogo sana.

Kwa mfano, ujue kwamba hamu ikikupanda haikai saa nzima. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, dakika chache tu. Mimi nilikuwa nainuka nikatawadhe. Maji mdomoni, puani, usoni, rakaa mbili. Nikitoa salamu imeshapita. Haikupita kila mara, sisemi uongo, lakini mara nyingi ilipita. Ujue pia kwamba hamu ina mahali pake na saa yake. Kwangu ilikuwa kahawa ya baada ya isha. Nilihama baraza lile miezi miwili, wenzangu wakaninunia, mmoja akasema nimejiona walii. Nikamwambia bora nionekane walii kuliko kurudi. Wenzake na kijana wetu hawakuwa maadui zake, lakini usiku wa Idi hakupaswa kukaa pale, kama mtu aliyetoka hospitali juzi hapaswi kubeba gunia.

Usione aibu kwenda kwa daktari. Kuna dawa za kusaidia kuacha, kuna vibandiko na vitafunwa vyenye nikotini kidogo vinavyokushusha ngazi taratibu. Kuna ndugu wanaodhani kutumia vitu hivi ni udhaifu wa tawakkul. Hao hao wakiugua malaria wanameza dawa.

Na nia yako iandike upya. Usiandike "Ramadhani", usiandike "mpaka nioe", wala "mpaka mke ajifungue". Yote hayo yana mwisho, na mwisho wake utakukuta barazani na kahawa. Kampuni za tumbaku hazina haraka, zinajua mbiu itapigwa siku moja. Mimi nilipoacha mara ya nne, ndiyo iliyodumu, sikuapa kuacha maisha. Niliona maisha ni marefu mno kuyaapia. Nilinuia siku moja, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kutoka alfajiri mpaka alfajiri, na alfajiri ya pili nikanuia tena kabla sijakunja mswala. Nia ya namna hiyo haina Idi. Mara tatu za mwanzo sizihesabu kuwa ni hasara, maana ndizo zilizonionyesha kuwa adui wangu ni kahawa ya isha.

Kijana wangu, nimechelewa kukujibu na unisamehe. Siku zako 30 zipo, hazikufutwa na sigara mbili. Kama umeendelea kuvuta tangu usiku ule, usingoje Ramadhani ijayo, anza alfajiri hii. Kama uliishia kwenye zile mbili, basi umeshaukaribia ukingo kuliko unavyodhani. Waage wale wa barazani kwa wema, uwaambie mtaonana baada ya miezi miwili. Na ikifika siku ya tatu, saa ile kichwa kinauma na kila mtu anakukera, niandikie. Simu yangu itakuwa wazi baada ya isha, saa ya kahawa.